Kopo la Bibi na Kutu Iliyorudi

Kijana alikuja nyumbani kwangu Dar es Salaam katikati ya masika, kopo la biskuti kwapani, limefungwa kwa mfuko wa nailoni lisilowe. Akanipa shikamoo, akakaa ukingoni mwa kiti, na kabla hajafungua kopo akasema, "Mwalimu, nimeharibu vitu vya bibi."

Mimi si mwalimu. Nilikuwa fundi wa maabara ya kemia katika shule ya sekondari mpaka nilipostaafu, ila wanafunzi hawakuwahi kuniita vingine, na mtaani wananifahamu kama mzee wa sarafu. Mtu akikuta hela ya zamani kwenye sanduku la marehemu, huletwa kwangu. Nimeona nyingi, lakini kisa hiki nimeona nikiandike chote tangu mwanzo, kwa sababu ndani yake yamo karibu makosa yote ambayo watu wetu hufanya kwenye sarafu zilizoliwa na kutu. Yamo na yangu mwenyewe.

Kopo lilikuwa na sarafu 31, limetoka Mafia. Bibi yake alilirithi kwa baba yake, na miaka yote lilikaa juu ya kabati, halifunguliwi ila kukiwa na mgeni wa kuonyeshwa. Mwezi Januari kijana alikwenda kusalimia, akaona sarafu zimeota kijani, akamwomba bibi aondoke nazo. Nia yake ilikuwa nzuri kabisa. Alitaka azing'arishe, azipange kwenye fremu ya kioo, na Idi ikifika amtundikie bibi sebuleni. Alianza na sarafu tisa. Akazisugua jinsi alivyomwona mama yake akisugua masinia ya shaba tangu utotoni, kwa ndimu na chumvi na majivu kidogo. Kufumba na kufumbua zikawaka kama zimetoka kiwandani jana. Akazisuuza kwa maji ya bomba, akazipaka mafuta ya nazi zisipauke, akazirudisha kopo lile lile.

Mvua za Aprili zilipoanza akafungua kopo ili azipeleke kwa fundi fremu. Zile tisa zilikuwa zimetoka vipele.

Nilichokiona mezani

Nilitandika karatasi nyeupe nikazipanga. Ishirini na mbili zilikuwa pesa za Zanzibar, zile za Sultani Seyyid Barghash zenye mwaka 1299 wa Hijria, yaani kuanzia Novemba 1881 mpaka Novemba 1882. Mzee yeyote wa pwani anazijua. Upande mmoja una maandishi ya Kiarabu, upande wa pili una mizani imening'inia sahani zake mbili, na mwaka uko chini yake. Tano zilikuwa pesa za kampuni ya Kijerumani ya 1890 hadi 1892, zenye tai upande mmoja na Kiarabu upande mwingine. Mbili zilikuwa hela, za baada ya 1904, Wajerumani walipoacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia wakaleta hela 100.

Hapo ni 29. Zilibaki mbili ndogo ambazo hazikufanana na wenzake, na nitazirudia, maana ndizo zilizonikosesha usingizi.

Kati ya tisa alizosugua kijana, nane zilikuwa pesa za Barghash na moja ilikuwa mojawapo ya hizo ndogo. Kwa macho matupu zile nane zilikuwa na rangi ya waridi iliyofubaa, na juu yake madoa ya kijani mpauko, karibu meupe. Nilichukua lenzi ya fundi saa, ile inayokuza mara kumi. Madoa hayakuwa rangi iliyotandazwa juu ya shaba. Yalikuwa vichuguu vidogo vya unga vikichomoza kutoka ndani. Nilipogusa kimoja kwa ncha ya mwiba wa mlimau, unga ulimwagika na chini yake pakabaki shimo. Kwenye sarafu moja shimo lilikuwa limekula sahani nzima ya mizani.

Pesa kumi na nne ambazo hazikuguswa zilikuwa pale pale kopo moja, zimepigwa na masika yale yale, na hazikuwa na unga hata chembe. Kijani chao kilikuwa cheusi-cheusi, kigumu, kimenata kama rangi ya mlango. Mwiba ulipita juu yake bila kuacha alama. Nilimwita kijana aangalie kwenye lenzi, kwanza zile, halafu hizi. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo kijani hakikuwa uchafu?"

Swali hilo ndilo kisa chote.

Kijani kina aina mbili

Shaba ikikaa miaka mingi, uso wake hugeuka. Kwanza hupata tabaka jekundu-kahawia la oksidi, na juu yake tabaka la kijani la kaboneti. Tabaka hizi zikitulia huwa ngozi ya sarafu. Hutunza umbo la herufi, mara nyingine kuliko shaba yenyewe iliyo chini, kwa sababu shaba iliyokuwa uso wa sarafu siku ilipogongwa ndiyo iliyogeuka ikawa ngozi hiyo. Ukiiyeyusha ngozi, usitegemee kukuta sarafu nyingine nzima imejificha ndani. Umeyeyusha maandishi yenyewe.

Kijani cha pili ni ugonjwa. Katika ardhi au hewa yenye chumvi, kloridi hupenya mpaka ikutane na shaba safi, na pale hutengeneza kitu laini cha rangi ya kijivu, kama nta, kiitwacho nantokaiti. Kikiwa kikavu hukaa kimya hata miaka mia. Kikipata unyevu na hewa, hugeuka unga wa kijani mpauko, na katika kugeuka huko huachia asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo hula shaba iliyo jirani, ikatengeneza kloridi nyingine ya shaba, nayo ikipata unyevu hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana haukomi wenyewe. Wahifadhi wa vitu vya kale huuita ugonjwa wa shaba, na jina limekaa mahali pake.

Sasa tazama ndimu na chumvi inafanya nini. Asidi ya ndimu inachuna ngozi yote na kuacha shaba tupu. Chumvi ni kloridi ya sodiamu, kwa hiyo papo hapo unaipa shaba tupu kitu kile kile kinachoiua. Sarafu hizi zilikuwa zimekaa karibu na bahari tangu zamani, kloridi ilikuwamo ndani imelala, na yeye akafungua mlango na kuongeza nyingine. Maji ya bomba hayakuitoa. Mafuta ya nazi yaliziba unyevu ndani badala ya kuuzuia nje, na asidi za mafuta nazo huila shaba polepole. Januari ni kiangazi, hakuna kilichoonekana. Masika yakaleta unyevu.

Sinia halipati maradhi haya kwa sababu linasuguliwa kila wiki, na hakuna anayejali likipungua unene wa unywele. Sarafu haina unene wa kupoteza. Ukwaju, siki, soda za kola, dawa ya meno, steelwool ya jikoni, vyote nimeletewa matokeo yake. Jiki ndiyo mbaya kuliko zote, maana ni klorini mtu anaimwaga kwa mkono wake.

Kazi ya zile nane

Kwanza nilitaka kujua ugonjwa umefika wapi. Kila sarafu niliiweka peke yake ndani ya kichupa chenye mfuniko, pamoja na pamba iliyoloweshwa isiyoigusa, nikaacha siku nzima. Zote nane zilitoa madoa mapya. Pesa tatu ambazo hazikusuguliwa nilizipima vivyo hivyo kwa kulinganisha, hazikutoa kitu. Hizo nikaziacha kama zilivyo. Nilizipiga vumbi kwa brashi kavu na hapo nikakomea, na hadi leo watu wawili watatu wameniambia sikufanya kazi. Sikuona la kufanya zaidi.

Zile nane nilianza na mwiba. Napenda mwiba wa mlimau kuliko sindano kwa sababu ni laini kuliko shaba. Ukiteleza, unavunjika mwiba, haichubuki sarafu. Unaweka sarafu chini ya lenzi, taa imelala upande ili vivuli vionekane, unachokoa unga kidogo kidogo kwenye kila shimo na kuufagia kwa brashi ya rangi. Nilivaa barakoa, unga ule si wa kuvuta. Sarafu moja ilinichukua jioni mbili.

Halafu inakuja kuiosha kloridi itoke, na hapa pana mambo ya kusema kwa kirefu.

Maji yanayotakiwa ni yaliyokenekwa. Ya bomba yana klorini, ya kisima cha Dar yana chumvi, ya chupa ya kunywa yana madini. Mtaani, maji yaliyokenekwa yanapatikana kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kwa jina la maji ya betri. Lakini jina hilo hilo baadhi ya wauzaji hulitumia kwa asidi ya kujazia betri mpya. Nilinunua lita tano kwenye duka moja, nikafika nyumbani, na kwa mazoea ya maabara tu nikachovya kikaratasi cha litmasi ya bluu. Kikageuka chekundu kama pilipili. Ningelizamisha sarafu za bibi kwenye asidi ya salfuriki. Tangu siku hiyo sipokei chupa bila kusoma lebo yote na kuchovya litmasi, na sioni aibu kufanya hivyo mbele ya muuzaji.

Dawa inayotolea kloridi ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti, ambao kwa pamoja huitwa seskwikaboneti. Msomaji wa Afrika Mashariki asione jina refu akatishika. Ni magadi. Yale mawe ya Ziwa Magadi, Kenya, yanayoitwa trona, na yanayopatikana pia Ziwa Natron upande wetu, ni seskwikaboneti ya sodiamu iliyotengenezwa na jua. Kemikali ambayo wahifadhi wa Ulaya huichanganya kwa vipimo, sisi tunatia kwenye maharage.

Nilifurahi sana nilipoligundua jambo hili miaka ya nyuma, na ndipo nilipokosea. Nilitumia magadi ya sokoni kwenye sarafu zangu mwenyewe, pesa mbili za Kijerumani, na zikaniota unga kuliko mwanzo. Safari hii nilimwonyesha kijana kwa nini. Niliyeyusha kijipande cha magadi kwenye maji yaliyokenekwa, nikatia asidi ya naitriki tone kwa tone mpaka povu likaisha, kisha nikadondosha tone moja la naitreti ya fedha. Bilauri ikawa nyeupe zito kama tui la kwanza. Weupe ule ni kloridi. Magadi ya ziwani yamechanganyika na chumvi tangu huko yanakotoka, kwa hiyo unaosha chumvi kwa chumvi.

Kwa hiyo tulinunua kemikali safi mbili dukani. Kwa lita moja ya maji, gramu 28 za kaboneti na gramu 22 za baikaboneti. Hiyo ni myeyuko wa asilimia 5. Nilitafuta mitungi minane ya jemu, kila sarafu ikapata wake, na karatasi yenye namba. Sababu ya kuzitenganisha ni kwamba zikioshwa pamoja huwezi kujua ni ipi iliyopona na ipi inayochafua maji ya wenzake. Kila wiki nilimwaga maji, nikapima tone la kila mtungi kwa naitreti ya fedha, nikajaza upya. Lazima maji yatiwe asidi kwanza kabla ya kupima, la sivyo kaboneti yenyewe hutoa weupe na utadhani kloridi bado ipo. Nakiri kipimo hiki ni cha mtu aliyezoea maabara. Asidi ya naitriki si kitu cha kuchezea jikoni, na naitreti ya fedha ikigusa kidole hukitia weusi wa wiki nzima. Asiye na uzoefu abadilishe maji tu kwa muda mrefu zaidi, kisha katika suuzo la mwisho la maji matupu atumie kile kipimo kidogo cha chumvi cha watu wenye mitambo ya kusafishia maji. Kwenye maji yenye magadi hakimwambii kitu, maana hata magadi yenyewe kinayahesabu. Kwenye maji matupu kinafaa.

Wiki ya kwanza mitungi yote ilitoa tui. Wiki ya nne ilikuwa ukungu. Kijana alikuwa akija kila Jumamosi, na nadhani alianza kukata tamaa kwa sababu hapakuwa na la kuona, sarafu zimelala kwenye maji tu. Wiki ya tisa mitungi minne ilikuwa angavu, na kufikia wiki ya kumi na moja ilikuwa sita.

Dawa hii ina gharama yake, nisiifiche. Inabadilisha rangi. Waridi ule wa ndimu uligeuka kahawia, jambo ambalo mimi nililifurahia, lakini sarafu mbili zilipata madoa ya buluu, na hayo ni chumvi nyingine ya shaba inayozaliwa ndani ya myeyuko wenyewe. Niliyachokoa kwa mwiba yakatoka mengi, si yote. Ndiyo maana sarafu isiyoumwa haifai kutiwa humu ati kwa kujikinga.

Ya saba haikufika mwisho. Shimo lake lilikuwa limetoboa kutoka upande wa mizani hadi upande wa maandishi, na siku ya kuisuuza, ukingo ukamegeka mkononi mwangu. Nimevihifadhi vipande vyote viwili. Ya nane, namba tano kwenye karatasi zangu, iliendelea kutoa ukungu wiki baada ya wiki.

Sita zilizopona nilizisuuza mpaka kipimo cha chumvi kikasoma sawa na maji mapya, nikazizamisha kwenye asetoni ili zitoe maji yaliyojificha mashimoni, nikazikausha chini ya taa ya balbu. Juu yake nikapaka Paraloid B-72, plastiki ya chembechembe inayoyeyushwa kwa asetoni, ndiyo wanayotumia makumbusho mengi. Sababu ya kuichagua ni moja. Kesho akija mtu anayejua zaidi yangu, anaitoa kwa asetoni ile ile na kukuta sarafu kama nilivyoiacha. Vanishi ya mbao hairudi nyuma hivyo.

Hata hivyo, hapa pwani kupaka tu hakutoshi. Ugonjwa wa shaba hulala unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 40 hivi, na hewa ya Dar wakati wa masika hupita 80 mara kwa mara. Nilichukua kisanduku cha plastiki cha chakula chenye mfuniko wa mpira, nikatia ndani silika jeli, ile ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba maji, na kipima unyevu kidogo cha betri. Ikishiba naipasha kwenye oveni moto mdogo mpaka rangi irudi. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu navyo ni silika jeli, ila vinapofika nyumbani kwako mara nyingi vimeshashiba. Fremu ya kioo ya sebuleni tuliiacha. Kijana alisikitika, nami nilimwelewa.

Zile mbili ndogo

Nilianza kwa kumpigia bibi simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshazoea kusubiri. Nilimuuliza pesa zilitoka wapi na ndogo zilitoka wapi, akanijibu bila kusita kuwa haya ni mambo mawili. Pesa zilikuwa za duka la babu yake, zilizikwa ndani ya chungu chini ya sakafu wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Zile ndogo baba yake aliziokota Kisimani, ufukweni, baada ya maji ya bamvua. "Bahari inakula mji pale," aliniambia, "ikishiba inatema."

Moyo ulinidunda. Kisimani Mafia, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa, ni mji wa kale ambao bahari imekuwa ikiumega kwa muda mrefu, na sarafu zinazookotwa pale zinajulikana. Masultani wa Kilwa waligonga sarafu za shaba, na zimeonekana Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Mafia, Zanzibar na Pemba. Moja ilipatikana Great Zimbabwe. Tano ziliokotwa mwaka 1944 mbali kabisa, visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, na askari aitwaye Maurie Isenberg, naye akazitia kopo kama bibi. Zilikaa humo mpaka 1979 alipozituma zikatambuliwe. Kwa bahati aliweka alama kwenye ramani mahali alipoziokota, na alama ile ndiyo iliyowapa watafiti pa kuanzia walipokwenda huko 2013.

Sarafu hizo za shaba za Kilwa hazina mwaka wala jina la mji. Zina jina la sultani na baba yake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtumaini Mungu yanayofanya vina na jina hilo, kama shairi la mishororo miwili. Ali bin al-Hasan anaishia na "an", na sifa ya Mola upande wa pili inaishia na "an" vilevile. Kwa kuwa hakuna mwaka, umri wake hujulikana kwa kusoma jina, na kwa kujua ilitoka udongo gani, pamoja na vitu gani. Vikipotea hivyo viwili, inabaki chembe ya shaba.

Ile ambayo kijana aliisugua nimeikagua kwa kila pembe. Ni nyembamba kama gamba la samaki, ya waridi, ina vipele vya unga pembezoni. Upande mmoja hauna kitu kabisa. Upande wa pili, taa ikilala sana, unaona mkunjo mmoja, labda ni mkia wa nun, herufi ya Kiarabu inayofunga jina la al-Hasan, labda ni mkwaruzo wa majivu. Nimeitazama usiku mwingi nikitamani iwe nun.

Ya pili hakuwahi kuifikia. Ina ukoko wa kahawia na kijani, mzito kama ukoko wa wali, na chembe za mchanga wa Kisimani zimenasa ndani yake. Niliilaza kwenye kitambaa, nikazima taa ya chumbani, nikamulika tochi kutoka ubavuni, karibu iguse meza. Herufi zikainuka. Ziko ndani ya ukoko, si chini yake. Nilisoma alif, lam, ha, na baada ya nafasi, kitu kama nun. Kijana alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika simu apige picha, nikasikia pumzi yake imekatika. Alijua papo hapo ile nyingine ilikuwa na nini juu yake kabla ya ndimu.

Sikuigusa kwa mwiba. Sikuiweka kwenye maji. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavihesabu vitu vya mkono wa mwanadamu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 kuwa vya kulindwa, na anayevigundua anapaswa kutoa taarifa. Pesa za Barghash ziko upande wa huku wa mwaka huo, ni mali ya familia, fundi wa nyumbani anaweza kuzishughulikia kwa uangalifu. Za Kilwa ziko upande wa kule. Lakini hata kama sheria isingelikuwapo ningeliacha mkono wangu. Kuondoa ukoko wa namna ile kunataka hadubini, kunataka picha ya eksirei kuona herufi zimekaa tabaka gani, na kunataka mtu ambaye ameshafanya kazi hiyo mara nyingi chini ya jicho la mwalimu wake. Mimi nina lenzi ya fundi saa.

Nilichofanya ni kidogo. Nilizipiga picha zote mbili pande zote, rula kando yake. Kila moja nikaitia mfuko mdogo wa plastiki uliotobolewa, na mifuko ndani ya kichupa chenye silika jeli. Nikamwomba bibi anisimulie tena taratibu, nami nikaandika. Jina la baba yake, sehemu ya ufukwe, msimu, maji ya bamvua, kwamba zilikuwa mbili pamoja na kigae cha chungu ambacho hakikuchukuliwa. Nikaandika pia, bila kupunguza, kwamba mojawapo ilisuguliwa kwa ndimu, chumvi na majivu mwezi Januari na kupakwa mafuta ya nazi. Kijana aliniuliza kama lazima hilo liwemo. Nikamwambia lazima, kwa sababu atakayeipima baadaye atakuta kloridi na mafuta, na asipojua yametoka wapi atahangaika nayo bure. Alichukua kalamu akaliandika mwenyewe.

Bibi alikubali zikabidhiwe. Alikuja Dar kwa boti kwa ajili hiyo, na alipofika kwangu kabla ya kwenda, aliomba kuziona pesa zake. Nilifungua kisanduku. Aliziangalia zile sita za kahawia bila kusema kitu, akazipita, akachukua moja ya zile kumi na nne zenye kijani chake cha zamani, akaipapasa kwa kidole gumba mpaka akaipata mizani. "Hii ndiyo naijua," alisema. Nilitaka kumwomba asiiguse kwa kidole, jasho lina chumvi. Nikanyamaza, na alipoondoka nikaipitishia pamba yenye asetoni.

Jana nimefungua kisanduku kama ninavyofanya kila mwanzo wa mwezi. Kipima unyevu kilisoma 37. Zile sita zimetulia. Namba tano, ambayo niliitoa majini wiki tatu zilizopita baada ya kudhani imekwisha, imetoa doa moja chini ya tarakimu ya mwisho ya mwaka, dogo kama mbegu ya ufuta. Nimelichokoa, nimeirudisha kwenye mtungi wake, nimebadilisha maji.